Dawa Nyeupe ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikunywa dawa yangu kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo sikumuuliza swali hata moja. Nasema dawa yangu kwa sababu mimi ndiye niliyeitoa rafuni, nikaifunga kwa gazeti na kuituma Bungoma. Niliambiwa ana kiungulia, nikatibu kiungulia. Mwenyewe sikumwona uso wala sikumsikia.

Duka ninalofanyia kazi liko mjini Kitale, limebanwa kati ya duka la mbegu na mbolea na duka la magodoro. Si langu, nimeajiriwa. Diploma yangu ya dawa imetundikwa ukutani, kioo chake kimepasuka pembeni, na wateja huniita daktari. Mwanzoni nilikuwa nawakatalia. Siku hizi naitika tu, maana ukimwambia mtu mwenye maumivu kwamba wewe si daktari, anaona unamnyima dawa.

Nusu ya wanaoingia wana shida ya tumbo. Mji huu ni wa mahindi na haraka. Mtu anaamka alfajiri kupakia magunia, anakunywa chai kavu, saa nane anakula maharagwe na pilipili akiwa amesimama, na jioni ananijia ameshika kifua. "Daktari, hapa kunawaka." Basi namwonyesha mchezo wangu. Nakamua ndimu kwenye bilauri, namwambia aonje, anakunja uso. Kisha natia magadi ya unga, yale ya kulainisha maharagwe. Povu linapanda mpaka mdomoni mwa bilauri, linashuka, na nikimwambia aonje tena anashangaa kwamba ukali umekwisha.

Ndivyo dawa ya kiungulia inavyofanya kazi, na sijawahi kuchoka kuieleza. Tumbo hutengeneza asidi yake lenyewe, kali kuliko ndimu mara nyingi, kwa ajili ya kulainisha chakula na kuua vijidudu. Ukuta wa tumbo una ute unaoulinda usichomwe na asidi hiyo. Ikipanda kooni, ambako hakuna ute wa namna hiyo, kifua huwaka. Dawa nyeupe ya chupa ni kinyume cha asidi, imetengenezwa kwa madini ya magnesi na alumini. Vikikutana tumboni, kimoja hukimaliza kingine, na kinachobaki ni chumvi na maji. Tembe za kutafuna zenye chokaa hutoa na gesi pia, ile ile ya soda, ndiyo maana mtu akizitafuna hubeua mpaka akaomba radhi. Magnesi peke yake huharisha na alumini peke yake hufunga choo, kwa hiyo watengenezaji huziweka pamoja zichungane. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Nadhani wahenga hawakuwa na kiungulia.

Yapo maneno mengine ambayo huwa nayasema mwishoni, nikiwa tayari nafunga dawa. Dawa hii inamaliza asidi iliyopo sasa hivi tu. Haizuii tumbo kutengeneza nyingine, na haitibu kidonda. Ukiona unaihitaji kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, nenda hospitali. Na choo kikiwa cheusi kama lami, nenda leo, usingoje kesho, kwa sababu hiyo ni damu. Maneno haya nimewaambia wapakiaji wa magunia, wauza nyanya, mapadri, walevi na walimu wa madrasa. Nimewaambia watu ambao sijui hata wanaishi wapi.

Sasa nieleze kwa nini sikumwambia yeye.

Mimi ni mtoto wa watu waliokuja. Babu yangu alitoka upande wa kati wa nchi, akapata ekari zake nje ya Kitale, na tangu hapo tumezaliwa hapa na kuzikana hapa. Bado kila baada ya miaka michache hatukosi mtu wa kutukumbusha kwamba tulikuja. Nilipompata msichana wa Bungoma nikampenda, nilijua nitapimwa mara mbili, mara moja kama bwana harusi na mara moja kama mtu wa kuja.

Siku ya kwenda kujitambulisha, shangazi wa mchumba wangu aliniketisha kando ya ghala la mahindi akanipa masharti. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kanisani.

"Huyu sasa ni mama yako," alisema, "lakini si wa kuzoea. Mkono haumpi. Nyumba moja haukai na yeye. Ukimwona kwa njia, unapinda. Na mambo ya mwili yake, hiyo si yako kabisa. Huku kwetu tunaheshimu mkwe kweri kweri."

Tukirudi, wajomba zangu walicheka njia nzima. Kwetu mama mkwe hukaa na mkwewe jikoni wakamenya viazi pamoja na kusengenya majirani. "Utaoa mke ambaye mama yake ni mzuka," mmoja wao alinitania. Mimi sikucheka. Niliyachukua masharti yale kama mwanafunzi anavyochukua swali la mtihani.

Na nilifaulu. Katika miaka kumi na moja ya ndoa sikuwahi kumwona mama mkwe wangu uso kwa uso zaidi ya mara tatu, na zote ni kwa bahati mbaya. Tukienda Bungoma nilikaa chini ya turubai nje, sahani yangu ikaletwa huko huko, mvua au jua. Siku moja nilimwona akija kwenye njia nyembamba kati ya miwa, nikaingia ndani ya miwa na suti yangu, nikatoka nimechanika kiganja. Habari hiyo ilisambaa. Wazee walisema, huyo mkwe wa Kitale anajua heshima kuliko vijana wetu. Sifa hiyo ilinilewesha. Leo nikikumbuka nilivyofurahia, nasikia aibu mpaka masikio yanakuwa moto.

Mwanyumba wangu, mume wa dada mkubwa wa mke wangu, ni mwalimu na amezaliwa huko huko Bungoma. Yeye alikuwa akimpigia mama mkwe simu, wakazungumza habari za mbegu na mvua, wakacheka. Nilimsikia siku moja nikamwuliza kama haoni haya.

"Si mila ilisema tusikutane nyumbani, bana," alinijibu. "Simu si nyumba."

Nilimdharau. Nilimwambia mke wangu kwamba watu wa Bungoma wanaacha mila yao ishikwe na sisi wageni.

Kiungulia cha mama mkwe kilianza, au tuseme nilipata habari yake, mke wangu aliporudi kutoka kwao na chupa ya munyu. Munyu ni chumvi ya jivu. Watu wa huko huchoma maganda makavu ya maharagwe, jivu wakaliweka kwenye chombo chenye matundu, wakalimwagia maji polepole, na maji yanayochuruzika chini ndiyo huchemshia mboga za kienyeji zikalainika. Mke wangu alileta ya mboga, lakini katika kunisimulia alisema mama hunywa kifuniko kimoja cha munyu huo kifua kikimwaka, na kinatulia.

Nilifurahi kupita kiasi. Kesho yake nilipeleka matone kadhaa dukani, nikachovya karatasi nyekundu ya litmasi, ile ya kupimia asidi, nayo ikageuka buluu pale pale. Alkali safi, kinyume cha asidi. Mama yule hajawahi kuingia maabara, na alikuwa ametengeneza dawa ya kiungulia kwa maganda ya maharagwe. Nilimwonyesha kila mteja karatasi ile. Kisha nikamtumia ujumbe kupitia mke wangu: munyu hauna kipimo, ukizidi unaunguza koo, aache, atumie hii dawa nyeupe, vijiko viwili baada ya kula na viwili kabla ya kulala. Ushauri huo ulikuwa sahihi. Ndio ushauri pekee niliowahi kumpa.

"Mama anasema amelala kama mtoto," mke wangu aliniambia baada ya wiki. "Anasema Mungu akubariki na mikono yako."

Nikatuma nyingine, na nyingine. Kila mwezi mke wangu alikwenda na chupa mbili, akarudi na kuku au mboga za mrenda au ndizi. Mkwe na mama mkwe tulipendana kupitia mfuko wa plastiki.

Shida ni kwamba dawa ilifanya kazi. Ingekuwa mbovu, angekwenda hospitali akapona. Nilichokuja kujua wakati kujua hakunisaidii ni kwamba magoti yalikuwa yakimsumbua, na kwenye kituo cha biashara karibu na kwao alikuwa akinunua tembe za maumivu, zile ambazo kila duka huuza kama peremende. Alizimeza asubuhi kabla ya kwenda shambani, tumbo likiwa tupu. Tembe hizo hupunguza ule ute unaolinda tumbo. Tumbo likafanya kidonda. Asidi ikigusa kidonda, alisikia moto. Akinywa dawa yangu, asidi ilikwisha na moto ukazima. Kidonda kilibaki pale pale. Na kwa kuwa tumbo limetulia, alimeza tembe nyingine ya goti akashika jembe. Kengele ilikuwa ikilia, nami nilikuwa naifunga mdomo kila mwezi kwa chupa mbili.

Swali moja lingetosha. Mama, kuna dawa nyingine unayomeza? Nalisema kaunta mara ishirini kwa siku.

Hata hilo la choo nililetewa nyumbani, likawekwa mezani, nikalifukuza. Tunakaa mtaa wa Tuwan hapa Kitale, vyumba viwili na jikoni, na ilikuwa Jumapili wakati wa kupalilia mahindi, kwa sababu nakumbuka mke wangu alikuwa ametoka kwao na matope bado yamekauka kwenye viatu. Tulikuwa tunakula.

"Baba watoto," alisema, "kuna kitu mama ameniambia. Ati siku hizi choo yake..."

Niliinua mkono. Mkono wenyewe ulikuwa na tonge. "Hapana. Huyo ni mama mkwe wangu. Habari za choo chake usiniletee."

"Sasa nimwambie nani? Daktari si ni wewe?"

"Mwambie aende zahanati."

Aliniangalia kidogo, kisha akaanza kukusanya sahani ingawa hatukuwa tumemaliza. Nilidhani amenielewa. Nilidhani hata ameniheshimu zaidi. Na mama mkwe hakwenda zahanati, angekwendaje? Ilikuwa mbali, magoti ndiyo hayo, na mkwe wake daktari alikuwa anamtumia dawa kila mwezi.

Miezi miwili baadaye alikuja Kitale mwenyewe. Alikuwa amemsindikiza jirani yake hospitalini, na dawa yake ilikuwa imekwisha, kwa hiyo akapitia kwangu. Lakini asingeweza kuingia dukani, kwa kuwa mimi nilikuwa ndani. Alimtuma dereva wa tuktuk aliyewaleta, mtu mzima mwenye kofia ya sufu.

"Daktari," dereva alisema, "kuna mama hapo ng'ambo anasema ile dawa nyeupe imeisha. Ati yeye hawezi kuja hapa, wewe ni mkwe."

"Mwambie nimesikia."

"Na huyo mama anachoka sana, daktari. Kutoka mlango wa hospitali mpaka kwa tuktuk yangu amekaa chini mara tatu."

Niliangalia nje. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha duka jingine la pembejeo, mwanamke alikuwa amekaa juu ya gunia la mbolea, amenigeuzia mgongo kama inavyotakiwa, leso imefunika kichwa. Blauzi ilimning'inia mabegani kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mkono mmoja aliuweka kwenye ukuta ili asianguke. Kutoka kaunta yangu niliuona ule mkono, na alipouondoa ukutani niliona kiganja kilivyokuwa cheupe. Nimefundishwa kuangalia viganja. Kiganja cheupe ni upungufu wa damu, hilo linajulikana hata na mwanafunzi wa muhula wa kwanza.

Kisha akageuza kichwa kidogo, labda kuona kama dereva anarudi, nami nikafanya nilichofanya siku ya miwa. Nikageuka. Niliangalia rafu za dawa ya kikohozi mpaka nikahakikisha hanioni. Nilimpa dereva chupa tatu badala ya mbili, nikaongeza na vitamini za damu kwenye mfuko, nikamwambia, "Mpe, mwambie mkwe anamsalimu."

Vitamini za damu! Yaani macho yaliona, mikono ikajua, mdomo ndio uliokataa. Barabara ile nimeivuka maelfu ya mara kwenda kununua chapati. Nimeipima kwa miguu baadaye, ni hatua kumi na nne.

Simu ilikuja wakati wa kuvuna. Alikuwa ameketi uani akipukuchua mahindi na mkubwa wa binti zake, akasema anasikia kichefuchefu, akatapika kitu cheusi kama majani ya chai yaliyochemka, kisha damu yenyewe. Walimpeleka hospitali Bungoma. Mke wangu alitangulia, mimi nikafunga duka nikafuata.

Nilipofika nilisimama kwenye korido. Ndiyo, hata hapo. Mlango wa wodi ulikuwa wazi, kitanda chake kilikuwa cha pili kutoka mlangoni, na mimi nikasimama mahali ambapo ukuta ulinificha. Niliona miguu tu chini ya blanketi. Mwanyumba wangu mwalimu alikuwa ndani, amemshika mama yule mkono, anamwambia, "Mama, usilale, bado tunaongea." Mila yake ilikuwa imekufa bila kumsumbua. Yangu ilikuwa hai, na haikuwa hata yangu.

Mhudumu wa zamu alitoka na faili. Alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri, macho yamechoka.

"Nani anajua alikuwa anatumia dawa gani?"

Wote waligeuka wakaniangalia. Nikataja dawa nyeupe, kipimo, na muda. Nilisikia sauti yangu ilivyo ya kitaalamu.

"Miaka miwili?" akauliza. "Na za maumivu?"

Shemeji yangu, yule dada mkubwa, alifungua mkoba wa mama yake akatoa tembe zimefungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Ndiyo mara ya kwanza nilipoziona.

"Na choo?"

"Imekuwa nyeusi tangu tukipalilia," shemeji alisema. "Yeye alisema ni mrenda. Halafu akasema ni zile dawa za damu mkwe alimpatia, kwa sababu hizo zinafanya choo inakuwa nyeusi. Alisoma kwa karatasi."

Ni kweli. Vitamini za damu hugeuza choo kikawa cheusi. Nilikuwa nimemtumia hata kisingizio.

Mhudumu aliandika. Hakuinua uso alipouliza, na hakuuliza kwa ubaya: "Na hakuna mtu alimwuliza mapema?"

Nilisoma tangazo la kunawa mikono lililokuwa ukutani. Mke wangu alikuwa amesimama karibu nami kiasi kwamba mikono yetu iligusana. Ningependa angesema habari ya Jumapili ile. Damu ya kumwongezea ilitafutwa, chupa moja ikapatikana, ya pili ikawa bado njiani alipokata roho, siku iliyofuata kabla ya adhuhuri.

Kwenye mazishi walinipa kiti cha mbele katika hema la wakwe. Mzee mmoja alisimama akatoa mfano wa mwenye kuficha ugonjwa: mficha maradhi, alisema, kifo humwumbua. Watu wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Nilitaka kusimama nimwambie mzee yule anyamaze. Marehemu hakuficha chochote. Alimwambia binti yake, binti yake akaniletea mimi, nami nikainua mkono wenye tonge. Lakini sikusimama. Mkwe haongei hivyo mbele ya watu. Nilikaa na heshima yangu, na mzee aliendelea na mifano yake.

Baada ya watu kutawanyika shemeji aliniletea mfuko. Ndani zilikuwamo chupa zangu zote, zimeoshwa na kukaushwa, vifuniko vimerudishwa. Nyingine marehemu alikuwa ameziwekea mbegu za mboga, nyingine munyu. Alisema mama hakutaka kuzitupa kwa sababu zilitoka kwa mkwe.

"Mimi nilimwambia mara nyingi," shemeji alisema, akiwa ameangalia kuku na si mimi. "Nilimwambia, mama, twende hospitali, hii choo si nzuri. Akakataa. Akasema, mkwe wangu ni daktari, na anajua tumbo yangu kuliko mtu yeyote. Ingekuwa ni kitu mbaya, angeuliza."

Hakukusudia kunichoma. Alikuwa anasimulia tu maneno ya mama yake, kama watu wanavyofanya msibani. Nilimshukuru, nikachukua mfuko, nikaenda nyuma ya ghala la mahindi, mahali pale pale nilipopewa masharti, nikalia kwa hasira mpaka nikatapika. Yeye alitulia kwa kuwa mimi sikuuliza, na mimi sikuuliza kwa kuwa yeye alitulia. Tulikuwa tumefunga mkataba mzuri sana.

Mke wangu hakunilaumu, si siku ile wala baadaye. Anapika, anafua, ananisalimu asubuhi. Lakini kuna kitu amekiondoa mezani petu. Zamani alikuwa akianza habari yoyote na "Baba watoto, kuna kitu." Siku hizi haanzi.

Dukani nimekuwa kero. Mtu akija kutaka dawa nyeupe simpi mpaka anijibu. Unameza dawa gani nyingine? Umekonda? Choo chako ni rangi gani? Wanawake hufunika midomo kwa leso wakacheka, wazee hukasirika. Mmoja aliniambia, "Kijana, hauna adabu," akaenda kununua kwa jirani, ambako hawaulizi. Mchezo wa ndimu na magadi nimeuacha. Watu walikuwa wakiufurahia mno, wakaondoka wakidhani kilichoonekana kwenye bilauri ndicho kilichomo tumboni.

Mwezi uliopita kiungulia kilinipata mimi. Kilianza kidogo, kikawa cha kila siku, na mimi, mwenye diploma ukutani, nikachukua chupa nikaificha kabatini nyumbani nikawa nanywa kimyakimya. Jumapili mwanyumba wangu alitutembelea Tuwan pamoja na kaka wa mke wangu, tukala, tukanywa chai. Kifua kikawaka. Niliinuka kama mtu anayetafuta sukari, nikafungua kabati, nikashika chupa.

Mke wangu alikuwa ameshafika nyuma yangu. Aliichukua chupa mkononi mwangu, akaiweka mezani katikati ya vikombe, mbele ya kaka yake, mbele ya shemeji yake, na mbele ya watoto wetu.

"Baba watoto," alisema. "Choo yako ni rangi gani?"

Mtoto mmoja alicheka. Kaka wa mke wangu aliangalia kikombe chake. Ni mwanyumba pekee aliyeniangalia, naye hakuwa anatabasamu.

Nilimjibu. Nikamwambia na tangu lini, na nimekunywa vijiko vingapi, na kwamba naogopa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kesho tunaenda hospitali, kisha akammiminia kaka yake chai. Muda wote huo haukufika hata dakika moja.